Harusi ya Kasri kwa Maharusi wa Konza: Panga Safari ya Wageni Kabla ya Mapambo

Maharusi wa Konza wanaotamani kuapa mbele ya kasri la mawe hawana haja ya kuanzia Ulaya. Umbali wa kilomita 240 hivi kutoka Konza, nje ya mji wa Nakuru kwenye njia ya kwenda Njoro, lipo Kasri la Lord Egerton. Ni jumba la vyumba 52 lililoanza kujengwa mwaka 1938 kwa mtindo wa majumba ya kitajiri ya Uingereza na kukamilika 1954. Leo linasimamiwa na Chuo Kikuu cha Egerton. Watalii hulizuru, wanafunzi huletwa kulitazama, na wachumba wengi wamekwisha kufanyia harusi kwenye bustani zake.

Mwongozo huu ni wa familia inayoishi Konza, Malili, Ulu au popote kwenye uwanda wa Kapiti, iliyoamua kuipeleka harusi mbali na nyumbani, katika jumba lenye historia. Unafaa pia kwa kijana aliye ughaibuni anayepanga harusi kwa simu huku wazazi wakiwa kijijini. Msimamo wake ni mmoja, na kila ushauri unaofuata unatoka humo: harusi ya mbali hupangwa kuanzia kwa mgeni ambaye safari itamwia ngumu kuliko wote. Ukimjua mgeni huyo, utajua tarehe, basi, malazi, chakula na hata jumba la kuchagua. Ukianzia kwenye picha, utagundua ukiwa umechelewa kwamba bibi yako hataweza kufika.

Tenganisheni mila, ndoa na sherehe

Kabla ya kuulizia bei ya jumba lolote, kaeni chini wawili na mwandike mambo matatu kwenye karatasi: mila itafanyika wapi, kiapo kitafanyika wapi, na sherehe itafanyika wapi. Wengi huyachanganya yote matatu katika siku moja na mahali pamoja. Wengine hudhani kwamba wakilipia kasri, mambo mengine yatajipanga.

Mila hubaki nyumbani. Kwa Akamba, mbuzi wa ntheo ndio wanaomfanya mke kuwa mke machoni pa wazee, na hata sheria ya mila imetambua kwa miaka mingi kwamba bila ntheo hakuna ndoa ya Kikamba. Mbuzi hao hupelekwa kwa kina msichana, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Usijaribu kuhamishia jambo hilo Njoro ili kuokoa gharama ya siku moja. Lifanyeni mapema, miezi kadhaa kabla, kwa utulivu wake, ili wazee wale na kuzungumza bila kuangalia saa ya basi. Likishakamilika nyumbani, mzee asiyeweza kusafiri atakuwa ameshatimiza sehemu yake, wala hatajiona ameachwa nje ya harusi ya mjukuu wake.

Kiapo ndicho chenye masharti ya serikali na dini, kama tutakavyoona hapa chini. Sherehe, yaani chakula, hotuba, keki na ngoma, ndiyo iliyo rahisi kuhamisha. Ukishavitenganisha vitatu hivi, swali linakuwa jepesi: ni kipi hasa mnachotaka kukifanyia kasrini, na ni nani lazima awepo?

Linganisheni majumba kabla ya kuchagua

Kasri la Egerton si jumba pekee la kihistoria mnaloweza kulifikia kutoka Konza. Yaangalieni manne haya.

Jumba la McMillan liko chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, humu humu Machakos. Lilikuwa makao ya Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki 1925 na kuzikwa kwenye mlima huo. Ndiye ambaye maktaba ya McMillan ya Nairobi inabeba jina lake. Jumba hilo liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Linafaa kwa harusi ndogo na wazee wengi, kwa kuwa mtu anaweza kwenda na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, nendeni mkajionee wenyewe vyoo, maji na maegesho kabla ya kuahidi mtu yeyote.

Makumbusho ya Karen Blixen yako Karen, Nairobi. Nyumba ilijengwa 1912, Blixen, mwandishi kutoka Denmark, akaishi humo kuanzia 1917 hadi 1931, na ikawa makumbusho mwaka 1986. Si kasri, bali ni nyumba ya shambani yenye bustani pana inayokodishwa kwa harusi, huku vilima vya Ngong vikionekana nyuma. Kutoka Konza ni safari ya asubuhi moja.

Kasri la Egerton ndilo lenye sura kamili ya kasri: kuta za mawe, ukumbi mkubwa wa dansi, ngazi na bustani. Ila safari yake inataka kulala njiani.

Fort Jesus ya Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, nayo hukodishwa kwa hafla. Hapo mtakuwa mmekwenda zaidi ya kilomita 400 kutoka Konza, na joto la pwani si mzaha kwa mzee aliyevaa suti.

Nendeni mkalitembelee jumba mnalolipenda siku ya kawaida, na siku nyingine wakati harusi ya mtu mwingine inaendelea. Siku ya pili ndiyo itakayowafunza zaidi: mtaona magari yanavyojazana, foleni za vyoo zinavyokuwa, na sauti ya spika inavyofika au isivyofika viti vya nyuma.

Sheria na kanisa kwanza, tarehe baadaye

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Umri wa chini ni miaka 18 kwa wote wawili, na mashahidi wawili wanatakiwa. Kila aina ina njia yake, kwa hiyo amueni mapema ni ipi yenu.

Kwa ndoa ya kiserikali, notisi ya kusudio la kuoana hupelekwa kwa Msajili wa Ndoa siku zisizopungua 21 na zisizozidi miezi mitatu kabla ya siku ya ndoa. Notisi hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi alitoe. Ofisi kuu ya Msajili iko Sheria House, Nairobi. Ikiwa mnataka kiapo chenyewe kifanyike bustanini Njoro, ulizeni kwanza kama hilo linawezekana na kwa masharti gani, na mpate jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote kasrini. Kama mmoja wenu ni raia wa nchi nyingine au ameishi ughaibuni, ulizeni ni hati gani zinahitajika kuthibitisha kwamba hajaoa wala hajaolewa. Hati za nje huchukua muda kufika.

Kwa Wakristo, mchungaji au padri anayefungisha ndoa lazima awe na leseni ya serikali. Makanisa mengi ya kiinjili, ikiwemo Africa Inland Church iliyo na mizizi mirefu Ukambani, yana utaratibu wake wa mafunzo ya wachumba na matangazo ya Jumapili. Mchungaji wenu ndiye wa kuwaambia kama ataapisha nje ya kanisa. Kwa Wakatoliki jambo ni zito zaidi: sheria ya kanisa inataka ndoa ifungwe katika kanisa la parokia, na kibali cha kufungia mahali pengine hutoka kwa askofu. Njia ya kawaida ni kufanya misa kanisani, kisha kwenda kasrini kwa sherehe tu. Mkichagua kanisa la Nakuru ili liwe karibu na kasri, paroko wa nyumbani atahitaji kuandika barua na kuhamisha nyaraka. Mpeni miezi, msimpe wiki.

Kwa hiyo msichapishe kadi kabla ya kanisa au Msajili kukubali tarehe. Kasri linaweza kuwapa Jumamosi nyingine, lakini matangazo ya ndoa hayaharakishwi.

Mkataba wa jumba

Jumba la kihistoria lina masharti ambayo hoteli haina, kwa kuwa kila ukuta wake ni kumbukumbu isiyojengeka upya. Mtu akigongomelea msumari kwenye mbao za zamani au kuacha mishumaa idondoke nta sakafuni, hasara hiyo haifutiki kwa fidia. Waelezeni wapambaji wenu jambo hilo waziwazi.

Mkikutana na wasimamizi, ulizeni maswali haya na kila jibu liandikwe kwenye mkataba:

Tunakodi nini hasa: bustani peke yake, ukumbi, au na vyumba vya ndani? Saa ya kuingia ni ipi, na saa ya kuondoka ni ipi? Wapambaji wanaweza kuingia siku moja kabla? Je, wageni wa harusi watalipa kiingilio cha watalii au kimo ndani ya ada yetu? Mpiga picha wa video na wa droni hulipa zaidi? Wapishi wa nje wanaruhusiwa, na moto utawashwa wapi? Umeme unatosha au tulete jenereta? Vyoo ni vingapi, na maji yakikatika nani ataleta boza? Mvua ikinyesha, tutaingia wapi? Siku hiyo kutakuwa na harusi nyingine au ziara ya shule? Tukiahirisha, arbuni yetu inarudi au inabaki?

Swali la ngazi mliulize kwa sauti. Majumba haya yalijengwa zamani, bila kumfikiria mtu wa kiti cha magurudumu wala bibi wa miaka themanini. Tembeeni njia yote ambayo mgeni mzee atatembea, kutoka mlango wa basi hadi kiti chake, na kutoka kitini hadi chooni. Kama kuna ngazi isiyoepukika, wekeni vijana wawili hapo siku nzima, kazi yao iwe hiyo tu.

Malipo yaingie kwenye akaunti rasmi ya taasisi inayomiliki jumba, na mpewe risiti. Mtu yeyote akiwaambia mtume pesa kwa namba yake binafsi ili "awashikie tarehe", msitume.

Safari: hapa ndipo harusi ya mbali hufaulu au huanguka

Kutoka Konza mtafuata Barabara ya Mombasa hadi Mlolongo, mtavuka Nairobi, kisha mtapanda Limuru na kushuka Bonde la Ufa kupitia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru. Magari ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Ongezeni msongamano wa Nairobi, mapumziko ya wazee na kazi ya upanuzi wa barabara upande wa Rironi na Nakuru, na mtaona kwamba basi litahitaji saa tano au zaidi. Ndani ya Nairobi, barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, yenye urefu wa kilomita 27, inaokoa muda mwingi. Ulizeni ada yake kwa aina ya basi lenu na muiweke kwenye bajeti.

Kwa hesabu hiyo, msiwatoe wageni Konza saa tisa usiku ili wafike kasrini saa tatu asubuhi. Watafika wamechoka, watoto watakuwa wametapika, na dereva atakuwa amekesha. Harusi ikiwa Jumamosi, mabasi yaondoke Ijumaa saa mbili asubuhi, wageni wale chakula cha mchana Naivasha, na wafike Nakuru kabla ya jua kutua. Warudi Jumapili baada ya kifungua kinywa. Kama hamna uwezo wa kuwalaza wageni usiku mbili, punguzeni wageni au mchague jumba la karibu. Msiupunguze usalama wa watu.

Ukambani unakumbuka kilichotokea Desemba 4, 2021. Basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, Mwingi, likasombwa na mafuriko, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Familia zinazopanga harusi zina wajibu wa kuukumbuka msiba huo kwa vitendo. Kodini basi lenye bima hai na cheti cha ukaguzi. Mpeni dereva nafasi ya kulala vizuri. Wekeni msimamizi mmoja kwa kila basi, mwenye namba za simu za abiria wote na mamlaka ya kumwambia dereva asimame. Mwambieni msimamizi huyo mapema, mbele ya watu, kwamba kuchelewa hakuna aibu na kwamba maharusi watasubiri. Maji yakifunika daraja, safari imesimama.

Baridi, malazi na heshima ya wakwe

Nakuru mjini kuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Njoro kuko juu zaidi. Mtu aliyezoea jua la Kapiti ataisikia baridi, hasa jioni na alfajiri. Andikeni kwenye kadi kwamba wageni walete sweta na shuka. Bibi harusi naye awe na kitu cha kujifunika mabega akitoka nje jioni.

Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, na huko Nakuru mvua hurudi tena katikati ya mwaka wakati Konza ni kukavu. Ndiyo maana mtu wa Machakos anaweza kuchagua Agosti akidhani ni kiangazi, kisha akute matope bustanini. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi ya kutegemea. Desemba nayo hupendwa kwa sababu watu wako likizoni, lakini nauli na vyumba hupanda, na kila familia ina sherehe yake.

Malazi yapangeni Nakuru mjini au kwenye nyumba za wageni za Njoro. Shikeni vyumba kwa kundi na mpate bei ya kundi. Wazee wapewe vyumba vya chini na vya karibu na bafu.

Hapa kuna jambo ambalo mpangaji wa harusi wa mjini anaweza asilijue. Kwa Akamba, nthoni, yaani staha kati ya mtu na wakwe zake, bado ina uzito mkubwa kwa wazee wengi, hasa kati ya mkwe wa kiume na mama mkwe. Usimweke mzee kwenye nyumba moja ya wageni na mkwewe wakatumia bafu moja. Usiwapange meza moja wala kiti kimoja cha basi kwa sababu tu majina yao yamefuatana kwenye orodha. Tafuteni mama mmoja mwenye busara kutoka kila upande, awapitishie orodha ya vyumba na viti. Watafanya kwa saa moja kazi ambayo mgeni angeikosea siku nzima.

Chakula kinachosafiri na kisichosafiri

Pilau, chapati, kuku na nyama ya kukaanga hupatikana kwa wapishi wa Nakuru, na ni afadhali kutumia wapishi wa huko kuliko kubeba sufuria kutoka Konza. Waulizeni wawaonjeshe kabla ya kulipa. Mkitaka muthokoi, wapeni wapishi mahindi yaliyokobolewa tayari kutoka nyumbani na maelekezo ya kuyaloweka usiku kucha; mpishi asiyeyajua atayatoa magumu. Mbuzi wachinjwe kwenye kichinjio chenye ukaguzi, wala si kwenye nyasi za kasri. Moto wa kuni na majiko makubwa vikae mbali na jengo, pale mlipoonyeshwa.

Zawadi na vitafunio msivifunge kwenye mifuko ya plastiki, kwa kuwa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Vyondo na vikapu vya mkonge vilivyosukwa na akina mama wa Machakos vitafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na pesa zitabaki kwa watu wenu.

Pesa na kamati

Harusi ya mbali ina gharama tatu ambazo harusi ya nyumbani haina: usafiri wa kundi, malazi, na safari zenu wenyewe za kwenda kukagua. Ziandikeni juu kabisa ya bajeti, kabla ya keki na mapambo. Kisha tengeni akiba ya dharura ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa mpaka wiki ya harusi.

Kamati iwe ndogo: mwenyekiti, mweka hazina, msimamizi wa usafiri, msimamizi wa malazi, msimamizi wa chakula, na mtu mmoja aliye Nakuru anayeweza kufika kasrini akipigiwa simu. Michango ikipitia M-Pesa, kumbukeni kwamba akaunti ya mtu mmoja haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Harusi yenye michango mingi inahitaji akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili. Taarifa ya mapato na matumizi itumwe kwenye kikundi cha WhatsApp kila wiki. Uwazi huo huwafanya watu waendelee kuchanga.

Kuweni wa kweli na wachangiaji. Mtu anapochangia harusi, hutarajia kula harusi hiyo. Kama bajeti inatosha wageni 80 tu kasrini, waambieni wengine mapema kwamba kutakuwa na karamu ya nyumbani Konza wiki inayofuata, na muifanye kweli: hema, nyama, muziki, na maharusi wakiwa wamevaa nguo zao za harusi. Kwa familia nyingi huu ndio mpango bora kuliko yote. Kasri linapata kundi dogo, na kijiji kinapata harusi yake.

Waelezeni wageni mko wapi

Jumba la kihistoria lina hadithi, na wageni wenu wanastahili kuisikia kwa ukweli. Maurice Egerton, Baron Egerton wa nne wa Tatton, alizaliwa 1874 na kufariki 1958. Alimiliki mashamba makubwa Njoro, katika eneo ambalo serikali ya kikoloni ililitengea walowezi wa Kizungu. Mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo ambayo baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Simulizi maarufu husema alilijenga kasri kwa ajili ya mwanamke aliyelikataa na kumkataa yeye pia. Lililo hakika ni kwamba alifariki bila kuoa, na cheo chake kikaishia kwake.

Kwa wageni kutoka Ukambani, mwaka 1938 una maana nyingine pia. Mwaka huo huo kasri lilipoanza kujengwa, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwanyang'anya Akamba ng'ombe wao kwa jina la kupunguza mifugo. Mifugo hiyo ilikusudiwa kiwanda cha nyama cha Athi River, si mbali na Konza. Maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kudai mifugo yao, na serikali ikamkamata na kumhamishia Lamu. Mzee mmoja wa familia akipewa dakika tano kwenye ratiba kulisema hili, harusi itapata uzito wake. Wajukuu wa waliotembea kwenda kudai ng'ombe sasa wanaoana kwenye bustani ile, wamelipia kwa jasho lao, na wameketi viti vya mbele.

Mkitaka Ulaya yenyewe

Wapo watakaosisitiza Ulaya, hasa kama mmoja wa maharusi anaishi huko. Jambo la kuvutia ni kwamba nyumba ya ukoo wa Egerton, Tatton Park kule Cheshire, Uingereza, iliachiwa shirika la National Trust baada ya kifo cha Maurice, na nayo hupokea harusi. Lakini wanaotoka Kenya kwenda kuoana Uingereza kwa ziara tu wanahitaji viza ya mgeni anayekuja kuoa au kuolewa. Wanatakiwa pia kuishi kwanza kwa siku saba katika wilaya ya usajili, kisha kutoa notisi ya siku 28, ambayo inaweza kuongezwa hadi siku 70. Ufaransa hutaka ndoa ifungwe kwenye ofisi ya meya, na mmoja wa maharusi au mzazi wake awe na makao pale kwa angalau mwezi mmoja, kwa hiyo kasri huko ni la sherehe tu. Italia huruhusu ndoa za kiserikali ndani ya baadhi ya majumba ya kale, kama Palazzo Vecchio la Florence, lakini mgeni lazima alete hati ya kuonyesha hana pingamizi la kuoa.

Wageni nao watahitaji viza. Kwa nchi za Schengen, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, na maombi yanaweza kupelekwa miezi sita kabla na si chini ya siku 15. Kila mgeni huamuliwa peke yake, na mzazi anaweza kunyimwa viza wiki mbili kabla ya harusi ya mwanawe. Kwa sababu hiyo ushauri wetu ni thabiti: fungeni ndoa ya kisheria Kenya, mbele ya wazazi, kisha mwende Ulaya kwa baraka na picha pamoja na watakaojaliwa kupata viza.

Ratiba ya mwaka mmoja

Miezi 12 kabla: zungumzeni na wazazi na wazee, pangeni ntheo, tembeleeni majumba.

Miezi 9: kanisa au Msajili wakubali tarehe, kisha lipeni arbuni ya jumba na mtie saini mkataba.

Miezi 6: mabasi na vyumba vishikwe, wapishi waonjeshe.

Miezi 3: kadi zitoke zikiwa na maelekezo ya safari, hali ya hewa na namba ya msimamizi. Notisi ya ndoa ya kiserikali ipelekwe ndani ya kipindi hiki, siku 21 au zaidi kabla.

Mwezi 1: orodha ya mabasi na vyumba ipitiwe na akina mama wa pande zote mbili.

Wiki 1: msimamizi wa Nakuru akague jumba, maji, umeme na mahali pa kujikinga na mvua, na mweka hazina afunge malipo.

Siku ya kusafiri: kila abiria ahesabiwe anapopanda na anaposhuka.

Kabla ya kutia saini popote, mketi na mgeni yule mzee kuliko wote kwenye orodha yenu, mumweleze safari nzima, saa kwa saa, kisha mumuulize kama ataiweza. Akisema ndiyo, lipeni. Akisita, badilisheni jumba, tarehe au mpango. Kasri litapatikana mwaka mwingine. Yeye huenda asipatikane.